Mdomo wa Kuazima

Wiki iliyopita mabenchi ya ukumbi wetu wa hotuba wa Kasongo yalitolewa nje na magunia ya pamba yakaingizwa. Ndivyo nilivyojua kuwa nimestaafu, maana hakuna aliyeniambia. Nilifika Jumamosi mchana kama kawaida, chaki mfukoni, nikamkuta mlinzi amekaa juu ya gunia.

"Konferansi imekwisha, mwalimu," akasema. "Sasa ni pamba."

"Mpaka lini?"

"Pamba haisemake itatoka lini."

Nikabaki mlangoni nikivuta harufu ya magunia mapya, mtu asiye na mvi hata moja, na kazi yake tayari ni habari ya zamani.

Nawaandikia ninyi wakalimani mnaoendelea, wa mahakamani, wa misheni na wa hospitali. Mmeniuliza mara kadhaa ilikuwaje kusimama kando ya mtaalamu aliyetoka chuo kikuu na kuugeuza utafiti wake kuwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi, mbele ya watu waliovaa suti kwenye joto. Ukurasa huu nimeuandika na kuuchana mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Kila nikiusoma naona kosa, na nikilirekebisha naona mawili. Safari hii nimejikataza kurudi nyuma. Mkikuta kosa, jueni kwamba nami nimeliona, na kwamba linanikosesha raha.

Kifaransa sikukipata shuleni. Shule yetu ya misheni iliwachagua wachache kwenda seminari, na sisi wengine tukarudi kulima mpunga na wazazi wetu. Nilijifundisha kwa kamusi iliyotupwa na padri baada ya mchwa kuila upande wa mwisho. Ilikuwa kamusi nzuri kabisa mpaka herufi R. Kuanzia S, Kifaransa changu nilikiokota barabarani. Mpaka leo neno linaloanza kwa T linanitoa jasho, na wataalamu wa mambo ya kale wanalipenda sana neno lao la mila, ambalo kwa bahati mbaya linaanza kwa T.

Aliyenipokea kazini ni Mzee Sumaili, mtu wa Nyangwe, aliyekuwa mkalimani wa mahakama ya teritwari, yaani ya wilaya, kabla ya ukumbi kujengwa. Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Kabla ya hotuba alivua viatu na kuvipanga nyuma ya ubao, kwa sababu, alisema, mtu mwenye viatu husikia miguu yake mwenyewe. Hakumtazama msemaji usoni. Alitazama mikono. Mikono ikitulia, sentensi imekwisha; mikono ikipanda, kuna sentensi nyingine ndani ya ile ya kwanza, na huna budi kungoja. Maji alikunywa pale tu msemaji alipokunywa. Nimeyafuata hayo yote. Viatu vyangu viliibwa mara moja, lakini sikuacha.

"Wewe mutoto," aliniambia siku ya kwanza, "unapenda neno muzuri. Ninakuona. Unasimama pale unatafuta neno muzuri kama mutu anatafuta nguo ya sikukuu, na muzungu ameisha kufika mbele."

"Sasa nitafute nini, mzee?"

"Tafuta neno yenye iko karibu."

Siku hiyohiyo kikohozi kilimkamata katikati ya hotuba, akanisukuma mbele kwa kiwiko. Mgeni alikuwa anaonyesha, kwa taa ya picha, sanamu za mawe za Wayunani wa kale. Mbele walikaa Wazungu kwenye viti vyenye migongo, nyuma yao makarani na walimu wetu kwenye mabenchi, na madirishani watu waliosimama nje. Nikageuza sentensi baada ya sentensi. Picha zilipokwisha, mzee mmoja pale dirishani, wa rika lililoona watu wakikatwa mikono enzi za kuvuna mpira, akauliza nani aliyezikata mikono sanamu zile. Nikatafsiri. Mgeni akacheka kidogo, akajibu kwamba ni miaka tu. Nikatafsiri. Wazee wote madirishani walinyamaza, na mgeni akauchukulia ukimya ule kuwa ni kuridhika. Usiku ule sikulala. Sikuwa nimekosea neno hata moja, lakini nilihisi kwamba niliyabeba maneno yote na kuliacha swali palepale dirishani.

Wageni walikuja na kuondoka. Mmoja alieleza jinsi makanisa ya Ulaya yalivyojengwa karne baada ya karne. Fundi mwashi mmoja akataka kujua waliwalisha nini wafanyakazi muda wote huo. Mwingine alisema juu ya falsafa kwa muda mrefu hivi kwamba Mzee Sumaili, ambaye wakati huo alishakaa kando akiniachia kazi, alivaa viatu vyake. Nilizipenda hotuba zile. Nazikumbuka sasa jinsi mtu anavyokumbuka chakula cha nyumbani: mlio wa mabenchi watu wakikaa, vumbi la chaki kwenye mwanga wa dirisha, na ile pumzi moja kabla msemaji hajafungua mdomo, ambapo hakuna ajuaye atakalosikia.

Kisha akaja yule tuliyemwita Profesa Polepole, kwa kuwa ndilo neno la Kiswahili alilolijua kwanza na alilitumia kwa kila jambo, hata kuomba chumvi. Alikuwa mpole na msikivu. Alikuwa anakusanya masimulizi ya koo, na huko Kabambare aliambiwa kuna bibi mmoja Mubangubangu, wa kabila la huko, anayeshika habari ya mama wa kwanza wa ukoo wao, aliyetoka mbali akibeba moto ndani ya chungu. Tukaenda huko na lori la pamba, tumeikumbatia mashine ya kunasa sauti kama mgonjwa. Tulipopita Lusangi barabara ilikuwa imekwisha kabisa. Dereva aliendelea kwa kumbukumbu.

Bibi huyo ni Bibi Mwayuma. Alitutazama, akaitazama mashine, akaniuliza mimi:

"Nani ataitikia?"

Sikuelewa. Hapo mjukuu wake Zaina, aliyekuwa anatwanga majani ya muhogo ya sombe, akacheka bila kuacha mchi. "Wewe unatafsiri na hujui kuitikia? Wewe ni mdomo ya kuazima tu?"

"Zaina, heshimu mugeni," bibi akasema, lakini naye alikuwa anacheka.

Akanieleza desturi yao. Habari ya ukoo haisemwi peke yake. Msimulizi husema sentensi moja, na mwitikiaji husema "eee". Msimulizi akikosea, mwitikiaji hanung'uniki wala hasahihishi: hunyamaza tu. Basi msimulizi anarudi nyuma, anatafuta kosa lake mwenyewe, na mpaka "eee" isikike hawezi kuendelea. Na jambo la pili: anayepewa habari hiyo lazima airudishe, aisimulie yote mbele ya aliyempa. Kabla hajairudisha, aliyetoa hawezi kumpa mtu mwingine.

"Kitu nimetoa hakiko kwangu tena," bibi akasema. "Mupaka kirudi. Umuambie muzungu. Atarudisha?"

Nilimwambia Profesa yote, neno kwa neno, mara mbili. Akaweka mkono kifuani, akasema atarudisha. Alisema kweli ya moyo wake. Nilikuwa naitazama mikono yake.

Basi Zaina akatumwa mtoni, kwa kuwa zamu yake ya kusikia ilikuwa haijafika, nami nikakaa mbele ya bibi nikaitikia. Alisimulia asubuhi kadhaa. Mashine iliharibika na kutengenezwa. Jioni nilimtafsiria Profesa, naye akaandika. Katikati ya hayo Zaina alipita na maji, na kila alipopita aliniambia jambo: kwamba nimekaa kama mtu anayengoja kung'olewa jino, kwamba Kiswahili changu cha Kasongo kimepigwa pasi. Nitasema jambo ambalo si la kazi, kwani bila hilo mengine hayatakuwa na maana. Nilianza kutunga sentensi ya kumwambia. Nikaisahihisha. Nikaona neno moja halijakaa vizuri. Nilirudi nayo Kasongo nikaendelea kuisahihisha, na ilipokuwa tayari, habari zikafika na lori kwamba ukoo wake umepokea mahari ya kijana mmoja anayefanya kazi kwenye machimbo ya shaba, Katanga.

Mwaka uliofuata Profesa alikuja tena kutoa hotuba juu ya kazi yake, na aliyezungumziwa ni Bibi Mwayuma. Mabango yalibandikwa sokoni. Jumamosi ile, watu wakiwa wameshakaa, lori la pamba likasimama mbele ya ukumbi, akashuka bibi mwenyewe amejifunga kitambaa cha sikukuu, na Zaina nyuma yake.

"Nimesikia anarudisha leo," bibi akaniambia mlangoni, akihema. "Nimekuja kuitikia."

Nilimtafutia nafasi mbele kabisa. Zaina akabaki nje karibu na lori, maana haikufaa asikie.

Profesa akaanza. Nami nikageuza: "Mabibi na mabwana."

"Eee," akaitikia Bibi Mwayuma.

Makarani wakacheka. Profesa akatabasamu, akaendelea. Alieleza jinsi watu walivyohama zamani. Alieleza kwamba moto ndani ya chungu hupatikana katika masimulizi ya watu wengi, akawataja, wa huku na wa ng'ambo. Aligawa habari ile katika sehemu, akachora mshale ubaoni kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Yalikuwa maneno mazuri, na mimi niliyageuza vizuri, naweza kusema hivyo mara moja katika maisha yangu. Lakini bibi hakusema "eee" tena. Alikuwa ameinama mbele, kinywa kimefunguka kidogo, akingoja.

Nilijua ukimya ule una maana gani. Nilikuwa nimekaa mbele yake asubuhi zile zote. Miguu yangu ikapoa kwenye saruji, nikairudia sentensi. Kimya. Nikairudia tena kwa maneno mengine. Nyuma wakaanza kunong'ona.

"Mukalimani amekwama kama gari!" mmoja akasema.

Profesa akaniinamia akauliza kwa upole kama naumwa. Sikuweza kumwambia kwamba kosa halikuwa ndani ya sentensi. Habari ya bibi haikuwa imesemwa, ilikuwa imezungukwa. Nikaendelea mpaka mwisho na watu wakapiga makofi.

Makofi yalipokwisha, Bibi Mwayuma akainua mkono kama alivyowaona wengine wakifanya.

"Ninamushukuru," akasema. "Sasa ataanza wakati gani?"

Hakuna aliyecheka. Nilimtafsiria Profesa, na nikaona uso wake ukibadilika polepole, mtu mwema anapogundua alichoahidi. Akashuka jukwaani, akamshika bibi mikono miwili. Akasema safari ijayo atakuja Kabambare kwenyewe, akae, aisimulie yote.

Nje, Zaina alikuwa ameegemea lori, vidole masikioni. Nilipomgusa bega akavitoa.

"Imekwisha?"

"Haikuanza."

"Mama yangu! Mikono imeniuma bure!" Akacheka, kisha akaacha. "Kiangazi watakuja kunichukua. Kule Katanga nitamuambia mutoto wangu anatoka wapi? Nitamuambia iko kwa muzungu, tumungoje?"

Profesa aliondoka. Mwanzoni tuliambiwa atarudi, baadaye kwamba amepewa kazi nyingine, na mwishowe hotuba zenyewe zikaanza kupungua. Ahadi ikabaki upande wangu, kwa sababu ilipitia kinywani mwangu. Mvua zilipokwisha nilipanda baiskeli mpaka Nyangwe kumwona Mzee Sumaili, ambaye alishastaafu na kufungua kiduka. Nilimkuta anapima chumvi.

"Mzee, mkalimani anaweza kurudisha habari aliyopewa mwingine?"

Hakuinua macho. "Masikio ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Nani aliitikia?"

"Mimi."

"Basi unaniuliza nini? Ununue chumvi ao utoke kwa mulango, watu wanangoja."

Nikanunua chumvi.

Sikuogopa kazi yoyote kama ile. Ukalimani una raha moja ambayo sisi hatuisemi: kosa likitokea, linaweza kuwa la msemaji. Safari hii hakukuwa na msemaji mbele yangu. Njia nzima ya Kabambare, juu ya lori, nilisimulia moyoni, nikirekebisha. Na kitu kingine kilikuwa kinanisumbua, ambacho ninyi mmeshakiona. Habari ikirudi, bibi atampa Zaina. Zaina akishaipokea, hakuna kitakachombakisha.

Bibi Mwayuma alinisikiliza nilipoeleza nilichokuja kufanya, akamtuma Zaina mtoni, akakaa. Nikavua viatu.

Nilisema sentensi ya kwanza. "Eee," akasema, na joto likanipanda mpaka shingoni. Nilisimulia jinsi mama yule alivyoondoka kwao, jinsi alivyokusanya makaa, jinsi alivyotaja majina ya waliobaki kila alipotua chungu chini. Eee. Eee. Nikafika pale mtoni Luama, aliposikia kwamba wa nyumbani kwake wameshafungua njia nyingine na hawatamfuata. Nikasema: "Akasimama ukingoni, moyo wake mzito, machozi yakimtiririka kama maji ya mto."

Kimya.

Nikarudi. Labda hakusimama. "Akaanguka ukingoni, machozi yakimtiririka."

Kimya. Mbuzi alipita kati yetu, na bibi hakumtazama.

Nikajaribu maneno mengine, mazuri zaidi, niliyoyahifadhi juu ya lori. Jua lilisogea kutoka magotini mpaka kifuani kwangu. Nilitaka kulia, na pengine nililia. Kisha nikaacha kutafuta nguo ya sikukuu. Nikakumbuka sauti yake mwenyewe, asubuhi ile mashine ilipoharibika, alivyolisema kama mtu anayetaja bei ya mihogo.

"Akakaa chini," nikasema.

"Eee," akasema Bibi Mwayuma.

Tulimaliza kabla ya chakula. Sentensi ya mwisho ya habari yenyewe ni fupi: akafika, akapika, na waliokuja wakala. Akaitikia, akainuka, akaniletea bugali na sombe kwa mkono wake, na hakunisifu. Nilikuwa nimerudisha kitu chake, basi.

Siku zilizofuata alimpa Zaina habari ile, nami nilikuwa nangoja lori, nikikaa mbali kwa ndugu wa dereva. Wale wa Katanga walikuwa wameshafika. Nilimwona mume: kijana mtulivu mwenye kofia, aliyeinuka kila mzee alipopita. Nilimtafutia kosa kwa bidii yote niliyonayo, na mnajua bidii hiyo, sikupata.

Siku ya mwisho bibi akaniita. Zaina alikuwa tayari amekaa mkekani, mara hii hakuwa na utani.

"Leo anarudisha," bibi akasema. "Koo langu limekauka. Wewe uko na hadithi sasa. Itikia."

Asubuhi ileile nilikuwa nimemsikia akimgombeza mbuzi kwa sauti iliyofika nyumba ya tatu. Nilimtazama. Alikuwa anatazama pembeni, anakunja ncha ya kitambaa chake.

Zaina akaanza. Ninyi mmeniuliza hotuba ipi ilikuwa bora kuliko zote nilizosikia, na mkadhani nitataja mtu wa chuo kikuu. Hakutafuta neno. Alisema kila kitu kwa neno lililokuwa karibu nacho, na mimi, ambaye sijawahi kusoma ukurasa nisione kosa, nilisikiliza kwa mwili wote na sikulipata. Makaa. Eee. Majina. Eee. Mtoni, akakaa chini. Eee. Huko barabarani lori lilikuwa linapakiwa, na tulisikia wanaume wakiitana.

"Akafika," akasema Zaina, "akapika, na waliokuja wakala."

Nikanyamaza.

Ilikuwa sentensi kamili. Lakini desturi ilikuwa imenipa jambo ambalo sikulipata katika sentensi yangu yote niliyoitunga: nikinyamaza, hainuki mkekani, na lori haliwezi kumchukua. Atarudi nyuma, atasema tena, na tena, akinitazama mimi, mpaka kiangazi kiishe kama nikitaka. Bibi aliacha kukunja kitambaa. Barabarani, lori likapiga honi.

Zaina akaniinamia, kipaji cha uso kimekunjamana.

"Mdomo ya kuazima," akasema kwa sauti ya chini, "nimekosea wapi?"

Hakuwa amekosea popote.

"Eee," nikasema.